Mpira wa Kushoto

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Piki imejaa matope mpaka kwenye breki. Watoto thelathini na wawili darasani, watano bila sweta. Baada ya uji nikawarushia mipira mitatu hewani, nikiidaka kwa zamu, kama kawaida, wakanyamaza. Sijui njia nyingine ya kunyamazisha watoto wa chekechea wa PP2 mvua ikipiga mabati.

Mwalimu mkuu alipita dirishani akaniona. Mchana akaniita ofisini. Nimewekwa kwenye programu ya siku ya wazazi, tarehe kumi na nne Juni. Nilikubali kabla ya kufikiri.

Sasa naogopa. Kuzungusha mitatu naweza hata nikiongea. Lakini wazazi hawatatoka makwao kuja kuona kitu ambacho watoto wao huona kila siku. Nataka kujifunza ule mchezo wa nguzo. Mpira wa katikati unapanda peke yake. Ukifika juu, miwili ya pembeni inapanda pamoja, wima, mmoja kila upande. Wa katikati unashuka, unadakwa, unarushwa tena, na ile miwili inashuka. Nguzo tatu zisizogusana. Nimeutazama kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Jumatano, 14 Mei

Nyuma ya nyumba, saa kumi na moja. Neema, mwanangu, alikuwa amekaa kwenye ndoo akihesabu. Nilifika mbili. Kisha moja. Kisha mbili.

Yule jamaa wa kwenye simu anasema usikimbize mpira kwa macho. Tazama mahali pamoja, juu, katikati. Pembeni utaona tu. Nafanya hivyo. Wa kulia nadaka. Wa kushoto unaanguka.

Mipira ni soksi nilizojaza mahindi. Mmoja umeanza kupasuka. Kuku wanangoja.

Ijumaa, 16 Mei

Mara sitini leo. Nimehesabu mwenyewe. Wa kushoto ulianguka mara hamsini na kitu.

Nimejiambia mkono wangu wa kushoto ni mzembe. Nimeufanyisha kazi peke yake, kurusha na kudaka mpira mmoja, mara mia. Haukukosa hata mmoja. Kwa hivyo si mkono.

Sijui ni nini. Nimekasirika tu.

Jumatatu, 19 Mei

Malori yamejipanga kutoka mpakani Malaba mpaka karibu na Amagoro. Nilipita kando yao kwa piki, polepole. Dereva mmoja alipiga honi ndefu nyuma yangu. Sikujua nilikuwa nimemfanyia nini.

Mazoezi: hakuna la maana. Nimeanza kuota siku ya wazazi. Kwenye ndoto mipira inapanda na hairudi.

Jumanne, 20 Mei

Leo Madam Nafula, mwenzangu wa PP1, alinirekodi kwa simu yake wakati wa mapumziko ili nione kosa. Tulitazama pamoja kwenye ngazi ya darasa. Aliirudisha mara tatu bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Madam, mbona huu wa kushoto hata huusogelei?"

Nikatazama tena. Ni kweli. Mpira unapanda, unasimama juu, unashuka mbele ya bega langu. Mkono wangu umetulia pale pale ulipourushia. Si kwamba unakosea kuudaka. Haujaribu. Kama mtu ambaye hajaambiwa kuna kitu kinakuja.

Nafula alicheka. Mimi pia nikacheka. Nyumbani sikuigusa mipira.

Jumatano, 21 Mei

Nilibaki darasani watoto walipoenda. Niliandika ubaoni A E I O U, kubwa, kama ninavyowaandikia. Nikarudi nyuma mpaka kwenye dawati la mwisho. Nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Herufi zote tano. Nikafunika la kulia.

I.

Hiyo tu. Nilihamisha jicho kidogo, nikapata O, I ikaondoka. Si giza. Ningeona giza ningejua mapema. Ni kwamba pale pembeni hapana kitu, na kutokuwa na kitu hakuonekani.

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto. Sijui kwa muda gani. Mlinzi alikuja kufunga darasa, akaniuliza kama naumwa.

Naandika hili kwa sababu siwezi kulisema. Papa, baba yangu, alianza hivi. Alikuwa akigonga mlango kwa bega la kushoto. Alikuwa akimwaga chai. Tulimcheka, mimi na kaka yangu Omoding, tulikuwa watoto wa shule. Kisha akaacha kulima peke yake, kisha akaacha kutoka. Sasa ni miaka kumi na tisa hajaona kitu. Anakaa Angurai, anashika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni. Anaamini alirogwa na mdogo wake, baba mdogo Etyang, baada ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Hawajasalimiana tangu hapo, na kati ya nyumba zao ni hatua mia mbili.

Mimi nina miaka thelathini na sita.

Alhamisi, 22 Mei

Sijamwambia mtu. Nimefundisha. Nimeimba wimbo wa mabata. Kila dakika chache nafunika jicho moja, kisha lingine. Mtoto mmoja ameanza kuniiga, na kufikia mchana darasa zima lilikuwa likifunika macho.

Neema aliuliza kwa nini leo hatufanyi mazoezi. Nikamwambia mvua. Hakukuwa na mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Leo nusura niue mtu. Nusura nimuue mwanangu.

Tulikuwa tunatoka sokoni, Neema nyuma yangu na mfuko wa nyanya mapajani. Tulipofika kwenye lami nilisimama. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Naapa nilitazama. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu. Nikaingia.

Bodaboda ilitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ilikuwa na mikungu miwili ya matoke. Yule mwanamume aliivuta pembeni, akaingia kwenye nyasi, ndizi zikamwagika barabarani. Piki yangu ilizima. Neema hakulia. Alikuwa ameshika shati langu kwa ngumi zote mbili na hakuliachia mpaka tulipofika nyumbani.

Yule mtu hakunitukana. Alikuwa Mganda, akaja akaniinamia akatazama uso wangu. "Nyabo, mama, hukuniona?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Nikamwambia hapana. Tuliokota matoke pamoja.

Nimesukuma piki mpaka nyumbani. Funguo nimempa mama wa jirani anifichie. Nimemwambia asinipe hata nikimlilia.

Jumatatu, 26 Mei

Busia, kliniki ya macho. Nafula amenishikia darasa, nimemwambia ni jino.

Daktari ni mama wa makamo, sauti ya chini. Aliniweka kidevu juu ya mashine, akanifunika jicho moja. Tazama taa ya katikati, akasema. Usiifuate nyingine. Ukiona nukta yoyote pembeni, bonyeza. Nikataka kucheka. Ni nguzo. Ni mchezo ule ule.

Jicho la kulia nilibonyeza na kubonyeza. Tukabadilisha. Jicho la kushoto nilikaa na kidole juu ya kitufe nikingoja. Nikangoja. Nilidhani mashine imeharibika. Nikamwuliza, "Daktari, imeanza?" Akasema, "Imefika nusu, mama. Endelea tu kutazama taa."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Mashine ilikuwa ikitoa mlio mdogo kila inapoonyesha nukta. Nilikuwa nikisikia nukta nisizoziona.

Ni presha ya macho. Glakoma. Alinionyesha karatasi mbili. Ya jicho la kushoto ni nyeusi karibu yote, kumebaki kidirisha katikati. Ya kulia ni nzuri, ila ina kivuli sehemu ya juu, kuelekea puani. Akaweka kidole. "Sasa hapa, juu kushoto kwako, jicho moja halioni na la pili limeanza kukataa. Umejuaje kuja? Wengi huja wakiwa wameshikwa mkono."

Nikamwambia mipira. Aliandika kitu kwenye kitabu chake.

Kilichopotea hakirudi. Alisema hivyo bila kuzunguka, na ninamshukuru. Matone kila jioni saa moja, maisha yote. Nirudi baada ya wiki sita. Matone yakishindwa kuna upasuaji. Nisiendeshe piki. Halafu akauliza kama kwetu kuna aliyepofuka. Nikamwambia Papa. Akaweka kalamu chini. Ndugu wote wa damu wapimwe, akasema. Mtoto pia. Haiumi, haiwashi, mtu hajui.

Ndugu wa damu ninaye mmoja. Anaendesha trela.

Jumanne, 27 Mei

Saa moja jioni. Tone la kwanza liliangukia shavuni. La pili likaingia. Linawasha kidogo. Neema alitazama kutoka mlangoni. Nimemwambia kila kitu, kwa maneno madogo. Akauliza, "Utakuwa kama Papa wa Angurai?" Nikamwambia daktari anasema hapana, nikifuata dawa. Akauliza na yeye je. Nikamwambia atapimwa.

Sikuwa nimelia mpaka hapo.

Alhamisi, 29 Mei

Omoding yuko Malaba. Amekwama kwenye foleni tangu jana, trela lake la saruji likielekea Kampala. Nilimpelekea chakula: ugali wa mtama na kunde. Alikula akiwa amekaa kwenye ngazi ya lori, mimi nimesimama chini. Nikamwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafuta mikono. "Pole sana, dada. Lakini mimi niko sawa."

Nikamwambia nami nilikuwa sawa.

"Amoit, nimetoka Mombasa na hii gari. Nimepita mteremko wa Salgaa. Nimepita Timboroa na ukungu wote ule. Mtu haoni anaweza kupita Timboroa?"

Nikamwambia kliniki iko Busia, karibu tu, tutaenda na kurudi kabla foleni haijasogea. Akashuka ngazi akasimama karibu nami, akapunguza sauti ingawa hakukuwa na mtu. "Nikipimwa, wakaandika kitu, tajiri wangu ataniweka kwenye gari tena? Niambie. Watoto wanne. Nitafanya kazi gani, nitashona mipira?"

Alijuta alipomaliza kusema. Niliona. Lakini hakuomba msamaha. Nilichukua sufuria nikaondoka kwa miguu kando ya malori. Kila lori nililopita nilifikiria macho ya aliye juu.

Ijumaa, 30 Mei

Amevuka saa nne asubuhi. Amenitumia ujumbe: "Nimeingia." Nimejibu: "Enda pole." Nilitaka kuandika mengine.

Jumamosi, 31 Mei

Simu yake haipatikani. Huwa anabadilisha laini akiwa upande ule. Najua. Nimepiga mara kumi na moja.

Mchana wamama kisimani walikuwa wakisema kuna trela limeanguka mbele ya Tororo, ng'ambo ya mpaka. Nikauliza la nini. Hawajui. Nikauliza rangi. Hawajui. Nilirudi bila maji.

Nimerusha mipira nyuma ya nyumba mpaka jua likazama, si kwa ajili ya wazazi. Mikono ikitulia ndipo ninapoanza kuwaza.

Jumapili, 1 Juni

Haipatikani. Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nikimwona Omoding akitazama barabara nyeupe isiyokuwa nyeupe.

Nimejilaumu. Kwa nini niliondoka na sufuria? Ningelala mbele ya gurudumu. Ningechukua funguo zake kama mama wa jirani alivyochukua zangu.

Jumatatu, 2 Juni

Amepiga saa sita, nikiwa darasani. Yuko Kampala, ameshusha mzigo, alikuwa hana chaji. Trela lililoanguka lilikuwa la mafuta ya kupikia, dereva alitoka salama. Omoding alilipita likiwa limelala.

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye kokoto. Watoto walikuja wakakaa pia, wote thelathini na wawili, wakadhani ni somo.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata kitu kuhusu nguzo. Nimekitafuta wiki tatu na kilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Miwili ya pembeni inaondoka pamoja na inarudi pamoja. Nikiirusha sawasawa, kimo kimoja, basi wa kulia ukifika kiganjani, wa kushoto nao umefika. Sihitaji kuuona. Nahitaji kuurusha kwa haki na kufungua mkono.

Ni vigumu kuliko kueleza. Mwili hautaki kufungua mkono mahali ambapo hauoni kitu. Kila mara naogopa, na nikiogopa nakaza, na nikikaza mpira unagonga vidole. Leo nne mfululizo. Halafu nane.

Alhamisi, 5 Juni

Omoding amerudi kutoka Kampala bila mzigo, akapaki Malaba na kuja nyumbani. Sikutegemea. Alileta mkate na sukari kama mgeni. Alikaa, akamtazama Neema akiandika, akanywa chai. Kisha akasema, "Nionyeshe hiyo mipira yako iliyokwambia."

Tukatoka nje. Nikamsimamisha hatua tatu mbele yangu. Nikamwambia atazame pua yangu tu, aniambie kila mpira unapofika juu. Nikarusha mmoja mmoja kwanza, kisha nguzo.

"Kushoto. Kulia. Yote miwili. Katikati. Yote miwili." Hakukosa hata mmoja. Nikamwambia afunike jicho moja. Hakukosa. Afunike lingine. Hakukosa.

Alicheka, akanipiga begani. "Umeridhika?"

Na kweli nilitaka kuridhika. Ningeweza kuachia hapo, tukarudi ndani, tukamaliza mkate. Karibu niachie.

Nikamwambia, "Omoding, daktari alisema haiumi. Presha inapanda kwanza, macho yanafuata baadaye. Mimi hii mipira imeniambia wakati jicho moja limeshaisha. Wewe unataka kuambiwa lini?"

Nikamweleza juu ya matoke. Sikuwa nimemwambia mtu mzima yeyote. Nikamweleza jinsi nilivyotazama kushoto, jinsi barabara ilivyokuwa nyeupe, na jinsi Neema alivyoshika shati. Neema alikuwa mlangoni. Omoding alimwuliza, "Ni kweli?" Neema akatikisa kichwa kuitikia.

Akaenda akasimama kando ya tangi la maji, mgongo kwetu. Aliporudi akasema, "Keshokutwa. Lakini unakuja na mimi."

Jumamosi, 7 Juni

Tulikwenda watatu. Neema amepimwa kwanza: macho yake hayana neno, arudi kila mwaka.

Omoding aliingia na kofia mkononi. Nilimngoja kwenye benchi. Kaka yangu ana mwili wa kuziba mlango, na nilimsikia akiuliza kwa sauti ya mtoto, "Daktari, hii inaumiza?"

Presha yake iko juu. Juu kuliko yangu ilivyokuwa. Lakini karatasi zake ni nyeupe, zote mbili, isipokuwa doa dogo ambalo daktari alitafuta kwa kalamu mpaka akalipata. Anaona. Anaweza kuendesha. Matone kila jioni, na kurudi kila baada ya miezi mitatu, na akikosa, daktari amesema, atampigia dada yake.

Nje alivaa kofia, akaivua. Mboni zilikuwa zimepanuka kwa dawa, akafinya macho kwenye jua. "Ningengoja," akasema. Hakumaliza. Nilimshika mkono kuvuka barabara, na mimi nikatazama kushoto kwa kugeuza kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega. Ndivyo nitakavyotazama sasa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia mwalimu mkuu. Niliogopa ataniondoa PP2. Aliuliza kama naona ubao. Nikasema naona nikigeuka. Akasema basi geuka. Akaniuliza kama bado nitarusha mipira Jumamosi, maana programu imeshachapishwa.

Nafula alikasirika kwa sababu ya ule uongo wa jino. Hakuongea nami mpaka saa nane. Halafu akanipa nusu ya embe lake.

Jumamosi, 14 Juni

Wazazi walijaa. Viti vya plastiki mpaka kwenye goli. Niliwekwa baada ya kwaya na kabla ya hotuba.

Watu wote wale, na upande wangu wa kushoto juu, hakuna mtu, ingawa najua walikuwepo. Nilianza na mizunguko ya kawaida. Watoto wangu walipiga makofi kwa sababu wanaijua. Kisha nikasimamisha, nikavuta pumzi, nikaingia kwenye nguzo.

Moja, mbili, tatu. Nilitazama mahali pangu, juu, katikati. Nne. Tano. Nilirusha kwa haki nikafungua mkono. Wa sita ulianguka. Wa kushoto. Ukaviringika mpaka miguuni pa mzee mmoja mstari wa mbele. Sikumwona akiuokota, niliona tu mkono umenyooshwa. Niliogopa kwamba sitaweza kuanza tena.

Nikaanza tena. Kumi na saba. Neema ndiye aliyehesabu. Sikuangusha, nilisimamisha mwenyewe.

Si nyingi. Yule wa kwenye simu hufanya dakika nzima akitabasamu. Lakini wa kushoto uliingia kiganjani mara kumi na saba bila mimi kuuona, na kila mara niliogopa, na kila mara nilifungua mkono.

Jumapili, 22 Juni

Angurai. Omoding alikuwa na siku mbili za mapumziko. Mvua imekatika, mahindi ya Papa yameanza kukauka majani ya chini.

Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha nyumba akichambua kunde kwa vidole. Tulimwambia tukiwa tumekaa chini, mmoja kila upande. Omoding alisema zaidi kuliko mimi. Kwamba ni ugonjwa, una jina. Kwamba unapita kwenye damu. Kwamba sisi wote wawili tunao, na tuna dawa.

Papa aliacha kunde. Alinyoosha mkono akatafuta uso wangu, akaweka kidole chini ya jicho langu la kushoto, akakaa hivyo. "Hili?" Nikamwambia ndilo.

Kisha akasema, "Kwa hivyo Etyang hakufanya kitu."

Halikuwa swali.

Akaomba fimbo. Tulidhani anataka kuingia ndani. Akaelekea upande mwingine, mbali na kamba yake, akapitia mahindini. Omoding alimpa bega. Hatua mia mbili zilituchukua muda. Niliogopa njia nzima. Sikujua baba mdogo angesema nini, au kama angetufukuza, na angekuwa na haki.

Baba mdogo alikuwa mlangoni akirekebisha mpini wa jembe. Alisimama. Mkewe alileta viti bila kuulizwa, akarudi jikoni. Wazee wakaketi. Papa alikuwa amekaza mikono juu ya fimbo. Nilidhani ataanza na lile la zamani, la mpaka, la tuhuma za uchawi alizozitoa mbele ya ukoo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Macho yako yakoje?"

Baba mdogo alitutazama sisi kwanza. Akaweka jembe chini.

"La kulia linaona kiasi," akasema. "La kushoto liliisha zamani. Sikusema. Watu wangesema uchawi umenirudia."

Papa aliinamisha kichwa. Alinyoosha mkono mbele, haukufika, akaunyoosha tena. Baba mdogo akasogeza kiti chake mpaka ukafika.

Keshokutwa nampeleka baba mdogo Busia. Omoding ataacha nauli. Tulikunywa chai pale mpaka jua likapoa. Nilihamisha kiti changu upande wa kulia wa baba mdogo, ili anione.